Nafasi ya Hubert

Hubert alikosa nafasi kwenye picha ya familia yake, na aliyemzibia nafasi hiyo ni Delphin, mpiga picha wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

Hubert alifia njiani walipoikimbia Bukavu, Kongo. Ilibaki picha yake moja ya uso, ya kwenye kadi ya uchaguzi. Kambini kila familia ilijua la kufanya: marehemu huachiwa nafasi katikati ya walio hai, kisha studio ya Lilongwe inamvika suti kwa kompyuta na kumbandika hapo.

Jumatatu watoto wake, Stéphanie na Evariste, walikuwa wanapanda ndege kwenda Kanada. Antoinette, mama yao, hakukubaliwa kwenda nao. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa alitaka picha ya wote wanne. Alisimama akaacha upana wa mwanamume kati yake na binti yake.

Lakini Delphin alikuwa ametoka kwenye mafunzo Lilongwe. Huko alifundishwa kwamba pengo katikati linameza jicho. Watu wagusane, wakae kwenye theluthi moja ya picha, kwingine kubaki wazi.

"Mama Stéphanie, sogea. Katikati kuko shimo."

"Apa njo pa baba ya batoto," Antoinette alisema, akionyesha nafasi aliyoiacha.

"Tutamuweka pale pembeni, nafasi iko mingi. Njo vile banafanya sasa."

"We ulienda Lilongwe siku mbili tu, umerudi profesa," Evariste alisema akicheka.

Hata hivyo walisogea. Stéphanie akamshika mama yake kiunoni, Evariste akamwegemea begani. Delphin akapiga, akatazama, akaridhika. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

Jumatano fundi wa studio aliikuza kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Watu wameshikana, kuwatenganisha ni kumkata binti mkono. Akambandika Hubert kule pembeni, peke yake, na suti yake.

Picha ilipofika kambini, Antoinette aliishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni nani anajipitia zake, hata hasalimie batoto yangu?"

Delphin alianza kueleza habari ya theluthi, kisha akaiacha.

"Tutarudilia kupiga, Mama."

"Na nani?"

Watoto walikuwa wameshafika Kanada. Waliotakiwa kusimama pamoja walikuwa wanne. Waliosimama pamoja ni watatu, na aliyebaki Dzaleka kuitazama picha ni mmoja.