Machicha ya Mama Kipkurui

Mimi Owiti si mwalimu. Ni mtu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kugombeza wanafunzi wa shule ya Kimulot wasichezee asidi. Lakini Mama Kipkurui aliniita mwalimu, na mimi nikanyamaza, maana ilinipendeza.

Alinijia mwaka wa 1994, mtamba wake alipokufa. Juu ya mto palikuwa na kibanda cha kutengeneza betri za magari, na maji yake machafu, yenye sumu ya madini ya risasi, yaliteremka hadi pale mifugo iliponywea. Alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja, Chelel, mwenye mimba.

"Huyu naye akienda, mwalimu, mimi nimekwisha."

Nilikuwa nimesoma kwamba hamira, hata iliyokufa, hunasa madini ya risasi majini. Na hamira ilikuwa kwake tele, maana alipika pombe ya busaa, jambo ambalo chifu alilijua na kanisa likajifanya halijui. Akaniletea machicha ya hiyo pombe, yaliyojaa hamira, kwa ndoo. Niliyaosha, nikayakausha, nikayashindilia kwenye pipa, maji ya kibanda yakapitia humo. Kila Ijumaa niliyamwaga yaliyochoka kando ya pipa, nikaweka mapya.

Nikapeleka maji Nairobi yapimwe. Majibu yakaja: risasi karibu yote imetoka. Wiki nzima nilitembea na ile karatasi mfukoni, nikijiona daktari.

"Machicha yako yamesafisha maji," nikamwambia Mama Kipkurui. Nikaishia hapo, mjinga mimi.

Baada ya mwezi akaniita. Chelel alikuwa amekandamiza kichwa ukutani, anasaga meno. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa.

"Maji ni safi," akasema mama. "Na chakula nampa kizuri."

Nikauliza chakula gani, ingawa karai la machicha lilikuwa miguuni pangu. Huku hakuna anayetupa machicha. Ni ya ng'ombe, na mimi nililijua hilo vizuri.

"Ulikuwa unayamwaga bure. Nikaona ni dhambi."

Nikamweleza kwamba risasi haikupotea, ilihamia kwenye machicha. Nilieleza vibaya. Nikasema kosa ni langu.

"Dawa iko?"

"Sidhani, mama."

Akampapasa Chelel shingoni.

"Kumbe mtoni alikuwa anakunywa sumu kidogo kidogo," akasema. "Mimi nimemlisha kwa karai."