Bibi Mkasi Alipofungua Mdomo

Seremala aliileta meza asubuhi, watoto wakiwa wameshakwenda shule. Akaitua katikati ya chumba, akaitikisa kuonyesha kwamba haichezi, akaaga na kwenda zake. Mama Pacha akabaki akiitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyeletewa mgeni na hajui pa kumkalisha. Kwa miaka sita chumba kile kilikuwa stoo ya mabati, baiskeli isiyo na gurudumu na majokofu mabovu ambayo mumewe, fundi friji, aliapa kwamba ipo siku atayafufua. Sasa kilikuwa kitupu, kimepigwa deki, kinanukia rangi mpya. Kilikuwa chumba chake cha kushonea.

Mlangoni, kwenye kiti chenye mikono, alikuwa amemkalisha mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Bibi Mkasi. Wengine walisema ni kwa sababu alishona nguo za watu miaka arobaini. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake, uliokata bila kunolewa. Lakini mwaka mmoja na miezi minne nyuma kiharusi kilimwangusha. Upande wa kulia ukalegea, na ulimi ule ukanyamaza. Daktari alisema sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Wakangoja, haikurudi, wakaacha kungoja.

Tangu siku ile Mama Pacha ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Na kwa kuwa kushinda na mtu asiyesema neno kunatia kiwewe, alizoea kumsemesha. Alianza na habari za mvua na majirani. Baadaye, alipoona hajibiwi wala hasutwi, akadhani hata haelewi, akawa anamwaga kila kilichomjaa kifuani. Yapo aliyomwambia ambayo hakuwahi kumwambia hata mama yake mzazi.

"Haya mama, cherehani yako inapata makao," alisema, akiinua kile kichwa cheusi cha chuma kwa kukipakata kama mtoto. Akakishusha kwenye tundu alilolikata seremala. Kiliingia sawasawa. Akaburuta meza mpaka karibu na dirisha, akavuta kiti, akatia sindano mpya na uzi, akaweka kipande cha kitambaa cha majaribio.

Mishono minne, uzi ukakatika. Akatunga tena. Mitatu, ukakatika. Mara ya tano aliipiga meza kofi.

"Shetani wa chuma we!"

"Geuza meza."

Mama Pacha aliitazama redio aliyoiweka dirishani. Ilikuwa imezimwa. Akachungulia dirishani, akidhani seremala amesahau kitu. Uani hapakuwa na mtu.

"Dirisha liwe kushoto kwako," sauti ikaendelea. Ilikuwa nzito, yenye kukwaruza, maneno yakitoka mojamoja kama yanavutwa kisimani. "Hapo mkono wako unajitilia kivuli. Na sindano umeivika kinyume."

Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ilimtoka mkononi, ikabingirika sakafuni ikiacha uzi nyuma yake mpaka kwenye miguu ya Bibi Mkasi. Yule bibi alikuwa amekaa vilevile, shuka magotini, mdomo umepinda kidogo kulia kama kawaida. Macho tu ndiyo yalikuwa mapya. Yalikuwa yakimtazama kama mtu anavyomtazama fundi mbovu.

"Mama?" Mama Pacha aliinuka kitini. "Mama, umesema?"

"Nimesema. Mara mbili."

Alitaka kupiga kelele za furaha, awaite majirani, ampigie mumewe simu. Tayari alikuwa ameishika simu mkononi. Ndipo wazo jingine likamjia, na likamfanya aketi chini palepale kwenye sakafu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu watoto walipofunga shule mwezi wa sita."

Mama Pacha akahesabu. Miezi saba. Miezi saba ya maneno! Yakaanza kumrudia moja baada ya jingine, na kila moja lilimpiga kama kofi: kwamba gauni la zambarau la mama mkwe halikuibiwa kwenye kamba, yeye ndiye aliyeliunguza kwa pasi akalitupa. Kwamba alishampigia simu wifi yake amchukue mama akakae kwake. Kwamba mume wake anakoroma kama trekta na kuna siku alifunga begi lake, akafika kituoni, akarudi.

"Ulisikia yote?"

"Masikio hayakupata kiharusi."

"Ya gauni?"

"Halikunipendeza hata hivyo. Na kwa wifi yako siendi. Yule ni mtoto wangu, lakini chumvi yake itanimaliza."

Wakati mwingine Mama Pacha angecheka. Sasa hakucheka, kwa sababu lilibaki moja. Lilikuwa la alasiri ile alipobadilisha mashuka mara ya tatu, mgongo unamuuma, watoto wanagombana sebuleni, na akasema kwa sauti, mbele ya yule bibi, "Mungu, mchukue basi, sote tupumzike." Hakuthubutu kuliuliza.

"Na la siku ya mashuka," Bibi Mkasi akasema mwenyewe.

Mama Pacha akafunika uso kwa viganja vyote viwili. "Mama, nisamehe. Nisamehe, mama."

"Niliitikia amina."

Akainua uso.

"Moyoni. Niliitikia kwa nguvu zote." Bibi alivuta pumzi, maneno mengi yalimchosha. "Tukakataliwa sote wawili. Basi tena, mwanangu. Futa makamasi."

"Kwa nini hukusema, mama? Miezi saba!"

"Mwanzo niliona aibu. Maneno yalitoka yamepinda. Nikajifunza ukiwa sokoni." Akatazama dirisha. "Halafu nikaona, nikisema tu, utarudi kwenye 'shikamoo mama, umeamkaje mama.' Miaka kumi umenipa shikamoo. Sikuwa nakujua."

Mama Pacha aliinuka, akageuza meza, akageuza na sindano. Uzi haukukatika. Alishona mstari mmoja mrefu huku machozi yakidondokea kitambaa, na nyuma yake yule bibi akahesabu makosa.

Mchana fundi friji aliporudi kula, alipokewa na sauti ya mama yake: "Vua viatu, mwenzio amepiga deki." Alimgeukia mkewe amuulize kama ni yeye aliyesema. Alipouona uso wake akaelewa, akaanguka magotini na viatu vyake vyenye grisi, akalilia shuka la mama yake mpaka likalowa.

Mtaa ulikuja kuona, ukashangaa, ukaondoka. Kwa wiki nzima Mama Pacha alimwogesha mama mkwe wake bila kusema ila la lazima. Aliona haya, kila neno lililofika mdomoni alilipima kwanza. Bibi Mkasi naye hakumhimiza. Siku ya nane, Mama Pacha akimsugua mgongo, bila kujua ataanzia wapi, akasema, "Mama, leo nimeamka sitaki kumwona mtu yeyote wa nyumba hii. Hata wewe."

Bibi Mkasi aliinamisha kichwa maji yampite shingoni.

"Haya," akasema. "Endelea."