Alama za Huruma

Katika chumba cha matokeo cha kitivo cha sheria, ambako mlango hufungwa kwa kufuli na simu huachwa nje, Bi Inshirah ndiye aliyekuwa mtu wa huruma. Alikuwa karani humo kwa miaka ishirini na miwili, na kila mwaka, ulipofika wakati wa kuamua waliokaribia kufaulu waongezwe alama ngapi, yeye alikuwa wa mbili. Profesa Wagdi, mwenyekiti, alikuwa wa moja. Bahili huyo, hata salamu yako aliijibu nusu.

Mwaka huu kura ziligawanyika tatu kwa tatu, ikabaki ya Inshirah tu. Kabla hajanyanyua mkono, Bi Suheir, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kucheka, akachomoa karatasi moja.

"Jamani, msikieni huyu, ni wa wale watu wazima wanaosoma Ijumaa. Mirathi, kapata nane juu ya ishirini. Anatoa mfano: 'Mtu amekufa, ameacha mke, mtoto mmoja na jokofu ambalo mlango wake unafungwa kwa tai ya harusi. Jokofu lote apewe mke, maana ndiye aliyelivumilia.'"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Inshirah naye alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. Tai hiyo alikuwa ameifungua asubuhi akitoa jibini. Akaomba kuiona karatasi. Jina lilikuwa limefunikwa na kugandishwa, lakini mwandiko ulikuwa wa Rifaat, mumewe, ambaye tangu Oktoba alikuwa akiaga kila Ijumaa kwamba anaenda Banha kumwangalia mama yake.

Kufaulu ni kumi. Nane na mbili ni kumi. Hata mtoto wa chekechea angeiweza hesabu hiyo. Angenyanyua mkono tu, kama miaka yote, na hakuna ambaye angeuliza. Angejitoa, kura zingebaki zimefungana, na zikifungana mwenyekiti ndiye huamua. Lakini mwenye jamaa kwenye mtihani haruhusiwi kukanyaga chumba hicho, na yeye alikuwa ametia saini kwamba hana. Alitamani mno kunyamaza. Alimpenda yule mwanamume, hata dakika hiyo alipotamani kumnyonga.

"Bi Inshirah, tunakungoja wewe," akasema Profesa Wagdi. "Mbili, kama kawaida yako?"

"Mimi sipigi kura, Profesa. Huyo mwenye jokofu ni mume wangu."

Suheir akajiziba mdomo. "Mama Hazem, hukujua?"

"Ningejua ningekuwa hapa?"

Akaandika maelezo yake, akachukua mkoba, akatoka. Nyuma yake kufuli likafungwa.

Nyumbani alimkuta Rifaat akikatakata majani ya mboga ya mulukhiya.

"Mbona mapema leo?"

"Nimetolewa kazini na mume wangu. Mama yako hajambo? Anasemaje kuhusu mirathi?"

Rifaat akaweka kisu chini taratibu. "Ningekwambia, ungetoka mle chumbani. Na mle ndimo raha yako ilimo, najua." Akakohoa. "Basi, nimefaulu?"

"Sijui. Nimetoka kabla hawajaamua."

"Na ungebaki?"

"Ungefaulu."

Rifaat akakishika kisu tena. "Afadhali ulivyotoka. Ningefaulu kwa mkono wako, ningesimangwa mpaka kaburini."

Wiki iliyofuata matokeo yakabandikwa ukutani. Inshirah, aliyezoea kuyajua kabla ya dunia nzima, akasukumana na wanafunzi kama mtu yeyote. Rifaat akapitisha kidole kwenye mstari wake, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Tisa," akasema.

Inshirah akalia. Alilia pale pale bila haya, mbele ya vijana wa umri wa mwanawe, na Rifaat, yeye aliyefeli, ndiye akawa wa kumbembeleza. Msichana mmoja mwenye vitabu kifuani akaiona hali hiyo, akamwonea huruma, akamshika bega.

"Pole, mama. Septemba kuna marudio. Wewe soma tu, usikate tamaa, utafaulu."

Inshirah akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Tutafaulu, mwanangu," akajibu, akamshika mumewe mkono waende wakasome.