Asiguse Mtu Breki Hiyo

Ijumaa, kabla ya saa tatu asubuhi, mji wa Orvik ulikuwa umeshamhukumu Garth Tollefsrud, na mwenyewe yuko hospitali, mguu umetundikwa, hata kahawa hajapewa. Hukumu ilitolewa pale pale zinapotolewa zote, kwenye kaunta ya mgahawa wa Doreen, katikati ya mayai na viazi vya kukaanga: kijana katoka gereji kwa Lyle Pruessner tairi la mbele likiwa hewani, kashuka mteremko kama mwehu, kalivaa trela la chakula cha ng'ombe lililoegeshwa njia panda. Na asingelivaa vipi, na pikipiki zenyewe ni zile za mbio, za kulalia tangi kama chura?

Renae, dada yake, aliyasikia hayo akiwa bado mlangoni, mtoto wake wa miezi minane kiunoni. Maneno ya wazee hayakumchoma sana. Wazee wa Orvik wasipomsema mtu chakula hakishuki. Kilichomchoma ni mama yake. Mama Arlys alikuwa upande wa pili wa kaunta, na aproni yake, anawamiminia kahawa walewale waliokuwa wakimtafuna mwanawe, na hasemi neno.

"Mama, unawaacha tu?"

"Wamesema nini ambacho mimi sijasema?" Mama Arlys hakuinua macho. "Miaka sita naimba wimbo mmoja kwako na kwa kaka yako. Mtu anaendesha lori la maziwa siku nzima salama salimini, jioni anapanda mdudu ule."

"Garth hakukimbia."

"Lyle kaona kwa macho yake."

Mzee Merle akageuka kwenye kiti chake, sharubu zimelowa kahawa. "Wewe binti si unayo moja kama ile? Ya kijani? Tuseme tu mapema, tuchimbe mashimo mawili kwa bei ya moja."

Wakacheka. Renae naye siku nyingine angecheka, maana Merle alikuwa mtani wake tangu utotoni. Leo hakuweza. Mwisho wa kaunta alikaa Afande Kvale, naibu wa sherifu, mbele ya kipande cha pai, na ndani ya gari la Afande Kvale kulikuwa na karatasi aliyoiandika jana: uendeshaji wa hatari. Kesi Jumanne. Jaji akiigonga muhuri karatasi ile, leseni ya Garth ya malori makubwa inakwenda, na kazi ya maziwa inakwenda nayo, kazi aliyoishika tangu ana miaka kumi na tisa na ambayo hajawahi kuchelewa hata kwenye theluji ya magoti.

Na yote hayo kwa uongo.

Renae aliujua ni uongo tangu jana jioni, kando ya kitanda cha hospitali. Garth alimwambia mambo machache, kwa sauti ya mtu aliyechomwa sindano nyingi. Alipeleka pikipiki kwa Lyle kubadilisha tairi la mbele. Alipoifuata, Lyle alikuwa ameshaiwasha, akamkabidhi, akamwambia aondoke upesi, mvua inakuja. Akatoka polepole. Hatua mia mbili hivi chini ya mteremko kuna alama ya kusimama. Akaminya breki ya mbele.

"Mkono ukaenda mpaka kwenye kishikio," alisema Garth. "Laini, kama kuminya mkate. Hakuna kitu. Nikakanyaga ya nyuma, ikateleza. Kwisha."

"Uliminya mara ngapi?"

"Moja. Ya pili nilikuwa tayari nimeshafika kwenye trela." Akafumba macho. "Na mimi mjinga, Renae. Siku zote naminya kwanza kabla sijaondoka. Leo sikuminya."

Renae hakuhitaji kuelezwa zaidi. Pikipiki yake huifungua mwenyewe, mpaka nati ya mwisho, kwenye chumba cha chini ya nyumba, mtoto akiwa kwenye kitembezi anapiga bisibisi sakafuni. Ukitoa gurudumu la mbele, zile pedi mbili zinazobana diski husukumwa nyuma zikapisha. Ukilirudisha, lazima uuminye mkono wa breki mara nne, mara tano, pedi zirudi kushika diski, uusikie mkono umekuwa mgumu. Usipofanya hivyo, mminyo wa kwanza unashika hewa. Fundi kulisahau hilo ni sawa na mchungaji kuacha zizi wazi.

Sasa, ushahidi wa kosa lile ulikuwa ndani ya breki yenyewe, na ulikuwa ushahidi wa ajabu: unaonyeshwa mara moja tu. Atakayeminya mara nne tano ameutengeneza, na ukishatengenezeka haupo tena. Na hakuna binadamu anayesimama karibu na pikipiki asiiminye breki. Mkono unakwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye shavu la mtoto mchanga.

Ndiyo maana asubuhi ile, saa mbili kamili, alikuwa amesimama yadi ya Wendell Stroik, mwenye gari la kuvuta mabovu.

"Umeigusa breki, Wendell?"

"Mimi? Nimeinyanyua kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Sijapanda, sijagusa." Wendell akajikuna. "Ila Lyle kapiga simu. Anakuja saa tatu kuikagua. Anasema ataitengeneza kwa hisani yake."

Kwa hisani yake! Renae alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Akachukua blanketi dogo la mtoto, la flana, lenye bata, akaufunga nalo mkono wa breki, akazungushia utepe wa gundi, akaandika juu yake kwa kalamu nene: ASIGUSE MTU. Kisha akaendesha moja kwa moja mpaka kwa Doreen, kwa sababu alijua Afande Kvale hula pai yake wapi.

Basi sasa alimwendea.

"Afande, nakuomba dakika kumi. Twende yadi."

"Ripoti imeshaandikwa, Renae."

"Uliandika kwa kuona au kwa kuambiwa?"

Kvale alifuta mdomo taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuaminiwa.

"Kwa kuambiwa na shahidi," alisema.

"Basi njoo uone. Ukiona sina kitu, nitaziosha gari zenu zote za ofisini, na mtoto huyu mgongoni."

"Muda wako huo, Kvale," alisema Merle. "Lako limejaa matope tangu Pasaka."

Afande akavaa kofia. Renae akamkabidhi mama yake mtoto juu ya kaunta. "Mshike mjukuu wako," alisema, na hakuongeza lingine, maana angeongeza angelia.

Walipofika yadi, Lyle Pruessner alikuwa ameshachutama kando ya Suzuki ya bluu ya Garth, kisu kidogo cha mfukoni mkononi, anachokonoa gundi. Nusu ya blanketi ilikuwa inaning'inia.

"Lyle!" Renae aliruka kabla gari halijatulia. "Toa mkono wako hapo!"

"Taratibu, mama. Natazama tu uharibifu."

"Uharibifu uko kwenye vyuma vya mbele. Breki umefuata nini?"

"Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Hilo ndilo tulilokuja kuliangalia." Akamgeukia Kvale. "Afande, minya wewe. Mara moja. Mtu mwingine asiguse."

Kvale alifungua blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti cha pikipiki. Akashika mkono wa breki, akaminya. Ukaenda bila ubishi wowote mpaka ukagusa kishikio.

Akautazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Si imegonga!" Lyle alisema haraka. "Mpira wa kupitisha oili ya breki umepasuka, oili imemwagika. Trela lile ni chuma tupu."

"Imemwagikia wapi?" Renae aliuliza. "Kikopo chake hicho, kimejaa. Mpira huo, mkavu. Wendell, umeona oili kwenye gari lako?"

"Hata tone," alisema Wendell kutoka mlangoni, chapati yake ya mayai mkononi.

"Afande, minya tena."

Kvale akaminya. Mkono ukasimama nusu ya njia. Akaminya ya tatu, ukasimama mapema zaidi. Ya nne. Ya tano akakaza vidole mpaka vikawa vyeupe, na mkono haukusogea. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Kvale amekulia shambani na amefunga breki za matrekta tangu hajaota ndevu. Hakuhitaji mkalimani.

"Mpira uliopasuka haujiungi wenyewe, Lyle," alisema.

Lyle alikitazama kisu chake, akakikunja. "Simu iliita," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakaza gurudumu, simu ikaita. Miaka thelathini nafanya kazi hii. Na mwendeshaji naye anatakiwa kuangalia!"

"Anatakiwa," alisema Renae. "Na amesema hivyo mwenyewe, kitandani, bila kuulizwa. Amejiita mjinga. Wewe umejiitaje? Wewe umesema ametoka tairi la mbele likiwa juu."

"Hilo nalo," alisema Kvale. "Uliliona likiwa juu?"

"Nilisikia kishindo. Nikadhani... vijana wa pikipiki hizi huwa..."

"Huwa!" Sauti ya Renae ilipanda mpaka mbwa wa Wendell akaamka. "Mtu anapoteza kazi yake kwa 'huwa'! Hukuona kitu. Ulisikia kishindo, ukajua umefanya nini, ukatafuta uongo ambao mji mzima ungeumeza bila kutafuna. Na umeumezwa! Mama yangu mzazi ameumeza!"

Ukosi wa shati la Lyle ulikuwa umelowa jasho na jua lenyewe halijapanda.

Kvale alichukua ile karatasi garini, akaichora mstari kutoka pembe hadi pembe, akatia sahihi. "Nitampigia jaji leo. Jumanne haipo," alisema. Kisha, kama mtu anayetoa peremende: "Lakini na kaka yako, akipona, atafute pikipiki ya kistaarabu."

"Afande," Renae alisema, na sasa alisema polepole, "kaka yangu anapima upepo wa matairi kila asubuhi kabla ya kupanda. Mnyororo anausafisha kila Jumapili kwa mswaki. Mwezi wa nne mzima hakupanda, anangoja mvua ioshe barabarani chumvi ya kuyeyushia theluji. Wewe taa yako ya nyuma ya kulia haiwaki tangu Pasaka. Nani mstaarabu?"

Wendell alipaliwa na chapati. Kvale akaenda nyuma ya gari lake, akatazama, akaigonga taa kwa kidole, akarudi.

Lyle alikuwa tayari ndani ya pikapu yake, anatafuta ufunguo. Renae akasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Hapana," alisema. "Karatasi imefutwa. Maneno hayajafutwa. Uliyasema kwa Doreen, utayafutia kwa Doreen. Sasa hivi, wakiwa bado wamekaa."

"Nitakwenda kesho."

"Kesho watakuwa wamemzika. Leo."

"Mimi narudi huko hata hivyo," alisema Kvale. "Pai yangu iko nusu. Tufuatane, Lyle."

Lyle aliingia kwa Doreen kofia mkononi. Alisimama katikati ya meza, si kwenye kaunta. Renae alikuwa nyuma yake, hajamgusa, ila hakumpa nafasi ya kurudi nyuma.

"Garth hakuwa na mwendo," alisema Lyle. "Tairi halikuwa juu. Mimi sikuiona ajali. Nilisahau kuipampu breki. Basi."

Merle aliweka kikombe chini.

"Ila pikipiki zile, jamani..." alianza.

"Malizia, mzee," alisema Renae. "Nakusikiliza."

Merle alimtazama, akamtazama Lyle, akakitazama kikombe. "Ila pikipiki zile," alisema, "zinataka fundi."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya kaunta Mama Arlys alikuwa amembeba mtoto begani, mkono mmoja ukimpigapiga mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia. Akamwita Doreen aje ashike birika. Akafungua aproni kwa mkono mmoja, ikamshinda, akaiacha hivyo hivyo, akatoka na kupita katikati ya meza bila kumwangalia mtu.

"Nipeleke kwa mwanangu," alimwambia Renae. "Na njiani usinisemeshe, natafuta maneno."