Visahani vya Mara ya Pili

Visahani vya kurusha vya mara ya pili vilikataa kunyooka hewani. Vilitoka kwenye kalibu ileile, chuma kinachovipa umbo, mashine ileile, chembe zilezile za plastiki, na mizani ilisema gramu mia na sabini na tano kama mwanzo. Lakini mtu akivirusha, vilikwenda hatua thelathini, vikakata kushoto na kujibwaga chini kama vimepigwa kofi. Vya mara ya kwanza vilikuwa vikinyooka mpaka kwenye kikapu cha minyororo, ambacho ndicho goli la mchezo wa kurusha visahani.

Mteja aliandika kwa kifupi: nataka kama vile vya kwanza, la sivyo naichukua kalibu yangu. Kalibu ikiondoka, kiwanda hakina kazi nyingine. Hilo alilijua hata mama mfagiaji.

Fundi wa mashine alihangaika siku nne. Alipandisha joto, akalishusha. Akaongeza nguvu ya kusukuma plastiki, akaipunguza. Alikuwa amebaki na kisahani kimoja cha kwanza, akakilaza juu ya kioo kando ya kipya. Cha kwanza kililala bapa. Kipya kilikuwa na kitambi katikati, unene wa ukucha.

"Vimeshiba hivi," alisema mpakiaji.

"Funga domo ufanye kazi."

"Kazi gani, fundi? Nipakie vitambi?"

Siku ya tano fundi alisimama kumwangalia mwanamke mpya wa mlangoni mwa mashine, yule anayefungua kalibu na kutoa kisahani. Kadi ya mashine ilisema subiri sekunde thelathini plastiki ipoe. Thelathini zilipotimia, kengele ililia, mlango ukafunguliwa, tap! Hakupoteza hata moja.

Fundi akageukia kreti tupu kando ya mashine.

Kabla ya huyo, mlangoni alikaa mume wa dada yake. Walimwita Kobe. Alikuwa na goti bovu. Kila kisahani kikiwa ndani aliketi kwenye kreti, na kuinuka kwake kulikuwa safari. Fundi alimsema mbele za watu, kisha akamwendea tajiri: mtoe huyu, undugu haujazi maboksi. Akatolewa wiki ileile waliyomaliza visahani vya kwanza.

Jioni fundi alikwenda kwa dada yake. Dada alifungua mlango, akamwona, akarudi jikoni bila salamu.

"Karibu, shemeji," alisema Kobe, mguu juu ya mto. "Umekuja kunifukuza na hapa?"

"Nimekuja kuuliza. Ulikuwa unafungua kalibu baada ya muda gani? Baada ya kengele ya thelathini."

"Nitajuaje? Nilikuwa nafungua nikishafanikiwa kusimama." Akacheka peke yake. "Haya, shika saa yako."

Aliketi kwenye kigoda, akainuka, huku akiguna. Sekunde kumi na moja.

"Nirudie?"

"Basi, shemeji. Inatosha."

"Nilikwambia plastiki haipendi kukimbizwa. Ukanijibu kobe hamfundishi sungura mbio. Watu walicheka kweli siku ile."

Jikoni sufuria ilitua kwa kishindo.

Asubuhi alimwambia mwanamke wa mlangoni asubiri sekunde arobaini na moja. Kisahani kikatoka bapa. Cha pili bapa. Cha tatu bapa. Cha nne kilikuwa bado ndani tajiri alipoingia na wanaume wawili wenye spana na mnyororo.

"Tajiri, nimepata!"

"Umepata nini? Mteja amepata kiwanda kingine. Barua ilikuja jana."

Fundi alimpa kisahani. Tajiri alitoka nje, akakirusha kuvuka uwanja. Kikanyooka mpaka getini. Akakifuata, akakiokota, akarudi.

"Kosa lilikuwa nini?"

"Sekunde kumi na moja."

"Nani alikuwa anazijua?"

"Hakuna. Kobe alikuwa nazo gotini."

"Yule uliyenisumbua nimfukuze."

"Ndiye."

Tajiri aliwaashiria wanaume waanze kufungua nati za kalibu.

Visahani elfu mbili na mia nne vilikwenda kusagwa. Kalibu moja ilipakiwa kwenye lori. Watu tisa walirudisha makoti ya kazi, na fundi akawa wa kumi. Dada alikuwa naye mmoja tu, na mpaka leo dada huyo hajamsemesha.