Barua ya Harriet kwa Mwanawe

Cecil Yon alikuwa jirani yangu mtaani Half Tree Hollow kwa miaka thelathini. Mimi nilikuwa nauza stempu posta ya mjini Jamestown, lakini stempu zangu mpya hakuzijali. Roho yake ilikuwa kwenye bahasha za enzi ya Malkia Victoria zilizotumwa kutoka kisiwani kwetu. Alikuwa na albamu saba, na kila bahasha aliishika kwa kibano, kama anayemtoa mtoto mwiba.

Aliishi na dada yake mkubwa, Edith, ambaye hakuwa na habari na stempu. Shangazi yao wa Sandy Bay alipofariki, Edith ndiye aliyeikuta barua ndani ya Biblia ya marehemu. Ilikuwa ya mwaka 1874. Harriet Yon, nyanya wa babu yao, alimwandikia mwanawe Job aliyekwenda Cape Town kutafuta kazi. Barua ilirudi imepigwa mhuri: hakuonekana. Iliporudi, Harriet alikuwa keshazikwa, na aliyeipokea akamtunzia Job. Job hakurudi. Ikabaki imefungwa.

Kwenye ukoo ule jina la Job lilikuwa tusi. Kijana akienda kazini kisiwa cha Ascension akachelewa kuandika nyumbani, aliambiwa, "Umeshakuwa Job."

"Tuifungue," Edith alisema. "Labda mama mtu alimfukuza. Labda alimwomba msamaha. Tumemtukana miaka yote hii bila kujua."

Cecil aliruka kitini. "Una wazimu? Bahasha yenye stempu ya peni sita, imekwenda ikarudi, haijafunguliwa! Ukiipasua umeniua."

"Basi kufa. Harriet si wako peke yako."

"Dada, nipe mwaka mmoja. Niipeleke kwenye maonyesho ya stempu Cape Town watu waione. Nikirudi, utaifungua kwa mkono wako. Haki ya Mungu."

Nilikuwepo mezani, nakula keki zao za samaki. Edith aliniangalia, kisha akakubali.

Jumamosi aliyorudi Cecil kutoka Cape Town, mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Nyumbani Edith alikuwa ametandika kitambaa safi mezani na kuweka kisu chembamba juu yake. Cecil akaweka pale pale medali aliyoipata maonyeshoni.

"Hongera," Edith alisema. "Barua iko wapi?"

Cecil akafungua albamu. Kwenye ukurasa uliokuwa mtupu siku zote palikuwa na bahasha tatu. "Nimezitafuta tangu ujana wangu, Edith. Jamaa aliyekuwa nazo hakutaka pesa. Alitaka ile tu."

Edith alizichomoa kwa vidole, moja moja, akazikung'uta juu ya kitambaa. Hakikudondoka kitu.

"Umempa Harriet, ukachukua makaratasi matupu?"

"Si matupu, tazama mihuri..."

"Uliapa, Cecil."

"Niliapa, ndiyo. Lakini hukuziona pale, dada. Zote tatu!"

Edith alimwandikia yule mtu wa Cape Town akimwomba aifungue, amsomee tu, abaki nayo. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa. Barua inatunzwa vizuri, alisema, mahali pasipo na unyevu, na haitafunguliwa, maana thamani yake yote ni kufungwa kwake. Cecil naye alipoona dada yake anafunga mizigo, aliomba kurudisha zile tatu ili apewe tena barua. Hakukubaliwa.

Edith alihamia nyumba ya shangazi, Sandy Bay. Pasaka iliyofuata Cecil alipika pilau, akaniomba nimpeleke kwa gari. Edith alikipokea chakula mlangoni.

"Asante, Bwana Yon," alisema, kama anavyosema mtu kwa mgeni aliyeshuka melini. Akafunga mlango.

Cecil alisimama pale mpaka ukungu ukashuka. Njiani, tukipanda kilima, akaniambia, "Zile tatu, unajua, hakuna mwingine kisiwani mwenye nazo."

Nilibadilisha gia. Akadhani sikusikia, akarudia.