Nilivyofelishwa Kukua

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya uhakiki, kama ile tunayopangwa wastaafu kila mwaka ili wakubwa wajiridhishe kwamba hatujafa kimyakimya. Tofauti yake ni kwamba hii haikuwa ya wastaafu peke yetu. Mbele yangu alisimama Mgomba. Nyuma yangu alisimama Moto.

Nikisema Moto nina maana ya moto, huu wa jikoni, ila huyu alikuwa na kimo cha mtoto wa shule na alikuwa akiniunguza kisigino kila foleni iliposogea. Nilimwambia arudi nyuma kidogo. Akasema yeye kurudi nyuma hajafundishwa.

Mlangoni pana bango. Linasema kila anayejidai yuko hai athibitishe sifa zote saba za viumbe hai, na atakayekosa hata moja atahamishiwa kwa vitu visivyo hai leo hii, na mkewe Mwanahawa ataanza kukaa eda. Nikamuuliza Mgomba ni nani aliyemwandika mke wangu kwenye bango la watu wote. Mgomba akanijibu kwamba kila mtu husoma lake. La kwake yeye linazungumzia mkungu.

Nilikasirika pale pale mlangoni, na sikupoa tena.

Afisa alikuwa Amiba. Mimi namfahamu. Kitabu cha sayansi cha mjukuu wangu nimekisoma mara nyingi kuliko mjukuu mwenyewe, na picha yake imo, kama uji uliomwagika mezani. Ila kitabuni haonekani bila hadubini. Huyu amejaza kiti na nusu ya dirisha.

Akaniuliza kama nakula. Nikamwambia jana nimekula ugali na bamia. Akanyoosha sehemu ya mwili ambayo mpaka dakika hiyo haikuwa mkono, akaweka alama. Alipofika katikati ya swali la pili akagawanyika. Wakawa Amiba wawili, na yule mpya akaanza upya, ananiuliza jina langu na kama nakula.

Nimesoma mita za maji mji mzima wa Korogwe mpaka nikastaafu. Nimefukuzwa na mbwa, nimemwagiwa maji ya vyombo. Lakini kuzungushwa na kitu kisicho na mfupa hata mmoja, hilo lilikuwa geni kwangu.

Nikavumilia. Kwenye kupumua nikavuta hewa, nikawaona oksijeni wakiniingia puani wawiliwawili, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Walipotoka, kila wawili walikuwa wamembeba kaboni mmoja katikati, amelegea kama mlevi anayerudishwa kwao. Nikapita. Kwenye kujongea nikatembea hadi ukutani na kurudi. Kwenye takamwili nikaonyeshwa mlango wa nje, nikaenda, nikarudi nimepita. Kwenye kuhisi wakanichoma mwiba wa mchongoma. Nililolisema siliandiki hapa, ila walinipa alama zote.

Kwenye kuzaliana mambo yakaanza kuharibika.

"Umegawanyika mara ngapi?" akaniuliza mmoja wa Amiba, ambao sasa walikuwa wanne.

Nikasema binadamu hagawanyiki, ila nina watoto watano.

"Wako wapi?"

Nikasema wametawanyika, mmoja Mwanza, mmoja Tunduma, wengine mjini kwenye shughuli zao.

"Wanakuja kwako?"

Nikasema hilo swali halimo kwenye kitabu. Wakanipitisha, lakini kwa huruma, na mimi huruma ya Amiba sikuiomba.

Ikabaki kukua. Pale ukutani palisimama Rula, ubao mrefu wenye sauti ya mwalimu mkuu. Akanitazama kuanzia kisigino mpaka utosi, akasema neno moja: amepungua.

Nikamweleza Amiba kwamba mimi kukua nilikumaliza zamani, tena kwa heshima. Ujanani niliitwa nyumba za watu kuwabadilishia balbu bila kupanda kiti.

"Na kupumua ulikumaliza ujanani?" akaniuliza.

Nikapiga meza.

Wakanisogeza pembeni, wakamwita Moto. Na hapa naomba msomaji aketi chini. Moto anakula kuni. Moto anavuta oksijeni. Taka anatoa, majivu na moshi. Anajongea, akiguswa na upepo anahisi, anakua mbele ya macho ya watu, na alipoulizwa kuhusu kuzaliana akatema cheche tatu mezani, akazitambulisha kwa majina. Wakampiga muhuri wa uhai kabla Amiba yeyote hajapata nafasi ya kugawanyika.

Nikasema huu ni uonevu. Mke wangu humzima huyu kila siku kwa kikombe cha maji. Nikawataka wamuulize seli zake ziko wapi, maana kiumbe hai lazima awe na seli, na hilo wao walipaswa kulijua kuliko mimi.

"Wewe unazo ngapi?" wakaniuliza.

"Matrilioni."

Wakatazamana. Wakasema wao wanaishi kwa seli moja kila mmoja na hawajalalamika, na mzee mzima anajilimbikizia matrilioni halafu bado anapungua.

Moto akanipigapiga begani kunipoza. Shati likaungua.

Wakamwita mke wangu atoe ushahidi. Mwanahawa anaingia, begani ameweka vazi jeupe la eda alilokabidhiwa nje, kama mtu aliyebeba taulo. Wanamuuliza kama huyu mtu yuko hai. Ananikagua.

"Anakoroma," akasema.

Amiba wakamwambia kukoroma si sifa. Mke wangu akasema basi wangeiongeza, maana hajapata kulisikia jiwe likimnyima mtu usingizi. Nilimtazama kwa jicho la kumtaka aseme lingine. Akaongeza kwamba nikifanywa jiwe, yeye angependa liwe la kunolea visu, alilonalo limelika.

Nikiwa natafuta maneno ya kumjibu, sakafu ikawa haipo. Tuko chini ya ardhi, kwa miamba, na Mwanahawa yuko nami, na Amiba, na Rula, na Moto aliyetufuata kwa udaku tu. Miamba inabishana mimi ni wa ukoo gani. Ule uliozaliwa na volkano unanikataa, unasema sijawahi kuyeyuka. Ule wa matabaka unasema huenda ni wake, kwa kuwa nimevaa sweta juu ya sweta. Wa tatu, ule unaogeuzwa na joto na mgandamizo, ukaniuliza naishi wapi. Nikasema Korogwe. Ukaniuliza nimeoa miaka mingapi. Nikasema arobaini na minne.

"Huyu ni wetu," ukasema. "Sogea hapa, ndugu. Utakaa kidogo tu, miaka milioni mia mbili."

Nikahisi miguu inakuwa mizito. Vidole vya mguu vikagoma kukunjika. Hapo sasa hasira ikanitoka yote kwa pamoja, nikasema anayenipunguza si uzee, ni Dunia. Amenivuta chini tangu siku niliyozaliwa, amezibananisha pingili za mgongo wangu kama wazee kwenye benchi la zahanati, kisha maafisa wake wananiuliza kwa nini nimekuwa mfupi.

Dunia akajibu kutoka chini yetu, taratibu, kama mtu aliyeamshwa. Akasema yeye huvuta wote sawasawa, hajamwonea mtu, na hata embe likianguka halimlaumu.

Goti la kushoto likawa jiwe. Nikaligonga, likalia kama kinu.

Mwanahawa akalisikia. Akalishusha lile vazi jeupe begani, akalikunja mara mbili, akamwekea Amiba mkubwa juu ya mwili, naye akazama nalo kidogo.

"Hili silivai," akasema. "Mmempima mume wangu akiwa amebanwa. Mpimeni mahali ambapo hakuna anayemkalia, kisha ndiyo mseme."

Miaka arobaini na minne, sijawahi kumsikia akinitetea mbele ya watu. Nilitaka arudie, lakini tulikuwa tumeshafika Mwezini.

Mwezi ni vumbi tupu na hakuna pa kukaa. Dunia yuko juu angani, wa buluu, amenuna. Mwezi alitupokea kwa adabu. Akasema nguvu zake za kuvuta ni kama sehemu moja ya sita tu ya zile za Dunia, yeye hana ubavu wa kumkalia mzee yeyote. Moto alifungua kinywa aseme naye jambo. Lakini Mwezini hakuna oksijeni. Akazimika, na muhuri wake ukaanguka polepole sana, kama unaona haya. Mtaniuliza sisi tulipumua nini. Mimi nilipumua hasira, na mke wangu amezoea kubana pumzi ninapoongea.

Amiba wakalifuta jina la Moto. Wakamwita Rula.

Nikasimama. Mgongo wangu ukalia, pingili zikaachana moja baada ya nyingine, wazee wa benchini wamepata nafasi. Goti likalainika. Rula akanitazama kutoka kisigino. Akafika utosini, akarudia tangu mwanzo.

"Ameongezeka," akasema, kama mtu anayetapika ndimu.

Wakanipiga muhuri kifuani. Nikausoma kichwa chini miguu juu: HAI, KWA MUDA.

Nikawauliza hilo la kwa muda limetoka wapi, maana muhuri wa Moto haukuwa nalo, na Moto kazimika.

"Wote ni kwa muda, mzee," akasema Amiba.

"Na wewe?"

"Mimi hugawanyika."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mwanahawa yuko jikoni anakanda unga wa maandazi, hana habari na mtu. Nikaenda uani kunyoa ndevu, kwenye kioo kilichotundikwa ukutani. Nikajitazama, nikaona kidevu, mdomo, pua na nyusi. Juu ya nyusi hakukuwa na kitu. Kioo kilikuwa kimeishia hapo.

Nikamwita, nikamuuliza kwa ukali ni nani ameshusha kioo changu.

Akaja na unga mikononi. Akautazama msumari. Umepigiliwa tangu tuhamie, kutu yake imeshika ukuta, na buibui amejenga juu yake nyumba ambayo haijaguswa.

"Hakuna aliyekishusha, Baba Hidaya," akasema. Kisha akanitazama mimi, juu kidogo ya pale anapotazama siku zote.

Nikanyoa nimekunja magoti.